Galileo au Dubawi: Farasi Jike Wako Umpe Damu Ipi?

Watu wa mbio za farasi Ulaya wana kambi mbili, na ukiwasikiliza utadhani uko kijiweni Kariakoo siku ya Simba na Yanga. Kambi moja ni ya Coolmore, shamba la Tipperary, Ireland, na fahari yao ni dume aliyeitwa Galileo. Nyingine ni ya Sheikh Mohammed wa Dubai, mwenye mashamba ya Darley na jezi za buluu za Godolphin, na dume wao ni Dubawi. Kila upande una namba zake mfukoni. Mimi sina shamba wala hisa kokote, kwa hiyo hakuna wa kuninunia.

Ulinganisho huu ni wa watu wawili. Wa kwanza ana farasi jike, au ana robo ya farasi jike pamoja na wenzake, na anatafuta dume wa kumpandisha. Wa pili yuko mnadani au kwenye jukwaa la Ngong au Meydan, anasoma jina la baba na babu wa farasi kwenye ratiba ya mbio, na anataka kujua majina hayo yanamwambia nini.

Niseme mapema nilipoegemea: kwa jike wengi wa leo ningechukua damu ya Dubawi, na si kwa sababu Dubawi alimzidi Galileo. Hakumzidi. Ni kwa sababu Galileo, uwezekano ni mkubwa, tayari yumo ndani ya jike wako.

Bin nani, bin nani

Nasaba ya farasi husomwa upande wa baba, kama majina yetu ya pwani. Galileo bin Sadler's Wells bin Northern Dancer. Dubawi bin Dubai Millennium bin Seeking the Gold bin Mr. Prospector.

Northern Dancer alizaliwa Kanada mwaka 1961, mfupi, mnene, na alipotangazwa kwa dola 25,000 akiwa na umri wa mwaka mmoja hakuna aliyemtaka. Mwaka 1964 akashinda Kentucky Derby kwa dakika 2 kamili, rekodi iliyodumu hadi Secretariat alipoivunja mwaka 1973. Mr. Prospector ni kinyume chake. Alinunuliwa kwa dola 220,000 mwaka 1971, bei ya juu kuliko zote mnadani Keeneland mwaka huo, akawa na kasi ya ajabu kwenye mbio fupi na miguu isiyoaminika, akastaafu bila kushinda mbio yoyote kubwa. Sifa yake yote aliipatia kwenye uzazi.

Kwa hiyo kwa juu juu hizi ni koo mbili tofauti: mmoja wa pumzi, mmoja wa kasi. Lakini pitia upande wa kina mama. Mama yake Galileo, Urban Sea, ni binti wa Miswaki, na Miswaki ni mwana wa Mr. Prospector. Bibi yake Dubawi kwa baba, Colorado Dancer, ni binti wa Shareef Dancer, na Shareef Dancer ni mwana wa Northern Dancer. Kila mmoja amembeba babu wa mpinzani wake. Juu zaidi wanakutana tena kwa Native Dancer, farasi wa rangi ya kijivu aliyekimbia mara 22 na kushindwa mara moja tu. Mabishano yote yale, kumbe ni ya mabinamu.

Wenyewe walipokuwa uwanjani

Galileo alizaliwa Machi 1998. Mama yake alishinda Prix de l'Arc de Triomphe, ile Arc, mbio kubwa ya Ufaransa, mwaka 1993, na baba yake alikuwa bingwa wa madume wa Uingereza na Ireland, yaani dume ambaye watoto wake walishinda pesa nyingi kuliko wa wengine mwaka huo, mara 14. Hapo matarajio yalikuwa makubwa, naye hakuyaangusha: mwaka 2001 alishinda Derby ya Epsom, Derby ya Ireland, na King George pale Ascot. Mbio 8, ushindi 6.

Mbio mbili alizoshindwa zinafundisha kuliko zile sita. Ya kwanza ilikuwa Irish Champion Stakes, mita 2,000, alipopitwa kwa kichwa na Fantastic Light, farasi wa Godolphin. Ya pili alipelekwa New York kukimbia Breeders' Cup Classic kwenye uwanja wa udongo, si wa majani aliouzoea, akamaliza wa sita. Kumbuka hilo neno udongo.

Hadithi ya Dubawi huanza na baba yake, nami nairudia kila nikipata nafasi. Huyo baba aliitwa kwanza Yaazer. Sheikh Mohammed alipomwona anavyokimbia akambadilisha jina, akamwita Dubai Millennium, kwa nia moja: ashinde Dubai World Cup ya mwaka 2000. Ni kama kumpa mtoto jina la Bingwa kabla hajaanza shule. Farasi akafika Nad Al Sheba, uwanja wa mbio wa Dubai, mwaka 2000 na akashinda kwa mbali. Katika mbio 10 alishindwa moja tu, Derby ya Epsom. Mwaka huohuo akavunjika mguu, akapelekwa kwenye uzazi, na Aprili 2001, msimu wake wa kwanza kabla haujaisha, akafa kwa ugonjwa wa malishoni unaopooza utumbo. Akaacha watoto 50 na ushei, basi.

Dubawi ni mmoja wao, alizaliwa Februari 2002. Hakuwa mrefu. Mwaka 2004 alishinda National Stakes pale Curragh, mwaka uliofuata akashinda 2000 Guineas ya Ireland na Prix Jacques Le Marois ya Ufaransa, zote mbili mita 1,600. Epsom kwenye mita 2,400 alikuwa wa tatu. Waliomtangulia siku ile, Motivator na Walk In The Park, wote ni wana wa Montjeu, na Montjeu ni ndugu yake Galileo kwa baba. Yaani ukoo ule ulimpita hapohapo umbali ulipoongezeka. Mbio 8, ushindi 5.

Ukiwapima kama wakimbiaji, Galileo yuko mbele, na sioni cha kubishania.

Watoto wao

Galileo alikuwa bingwa wa madume Uingereza na Ireland mara 12: mwaka 2008, kisha kila mwaka kuanzia 2010 hadi 2020. Watoto wake watano wameshinda Derby ya Epsom, na hakuna dume mwingine aliyefika hapo: New Approach, Ruler of the World, Australia, Anthony Van Dyck na Serpentine. Mwaka 2016 kwenye Arc, farasi watatu wa mwanzo walikuwa watoto wake. Halafu kuna Frankel, aliyekimbia mara 14 na kushinda mara 14 kati ya 2010 na 2012. Galileo alikufa Julai 2021, akiwa na miaka 23.

Anachorithisha ni pumzi, na kukataa kupitwa. Order of St George na Kyprios, wote wake, walishinda Gold Cup ya Ascot, wa kwanza mara moja na wa pili mara mbili, na hiyo ni mbio ya kama mita 4,000. Lakini usimchukulie kuwa dume wa mbio ndefu tu. Alipopewa jike mwenye kasi alitoa watoto wenye kasi. Mama yake Frankel, Kind, ni binti wa Danehill, ukoo wa kasi. Mama yake Gleneagles, mshindi wa 2000 Guineas ya 2015, ni binti wa Storm Cat wa Marekani. Kwa Galileo kasi inatoka kwa mama. Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina, na hapa ndivyo ilivyo kabisa.

Dubawi ana kitu kingine: kubadilika. Makfi, Night of Thunder na Coroebus walishinda 2000 Guineas ya Newmarket, mita 1,600. Postponed alishinda King George ya mita 2,400. Modern Games alishinda Breeders' Cup Mile Marekani. Rebel's Romance ameshinda Breeders' Cup Turf mara mbili, 2022 na 2024 (amehasiwa, kwa hiyo furahia kumtazama, mtoto hutapata). Na kwenye udongo, pale Galileo alipokwama, Prince Bishop alishinda Dubai World Cup ya 2015. Dubawi mwenyewe alichukua ubingwa wa madume mwaka 2022.

Alichokosa ni Derby ya Epsom. Hadi 2025 hakuna mtoto wake aliyeishinda. Kwa dume wa kiwango hiki ni pengo linaloonekana, na watu wa Coolmore hawachoki kulitaja.

Basi kwa mtu wa mnadani: ukiona mtoto wa ukoo wa Galileo, muulize mwenyewe muda. Wengi wanakomaa wakiwa na miaka mitatu, na mfuko wako uwe na subira. Ukiona wa ukoo wa Dubawi, tazama miguu na umbo kuliko urefu. Ufupi katika ukoo huo usikutishe.

Tatizo la kufanikiwa kupita kiasi

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo, nami nitakaa kidogo.

Chukua washindi wa Derby ya Epsom tangu 2018. Masar ni mwana wa New Approach wa Galileo. Anthony Van Dyck na Serpentine ni wa Galileo mwenyewe. Adayar ni wa Frankel, Desert Crown ni wa Nathaniel, wote wajukuu. Auguste Rodin wa 2023 baba yake ni Deep Impact wa Japani, lakini mama yake ni binti wa Galileo. City of Troy wa 2024 baba yake ni Justify wa Marekani, na mama yake, tena, ni binti wa Galileo. Lambourn wa 2025 ni wa Australia wa Galileo. Miaka 8 mfululizo.

Sifa hiyo ni tamu, na ndiyo hiyohiyo inayomfunga mikono mfugaji. Ukiwa na jike mwenye Galileo karibu, na Danehill upande wa pili, na Northern Dancer kila kona, utampeleka kwa nani asiyekuwa jamaa yake? Kuna wanaosema undugu si hoja, na wana mfano mzuri: Enable, mshindi wa Arc ya 2017 na 2018, Sadler's Wells ni babu yake kwa mama na papo hapo ni baba wa babu yake kwa baba. Ni kweli. Ila Enable ni mmoja. Wale wengine waliozaliwa kwa mpango huohuo wakatoka dhaifu au wavivu hawaandikwi magazetini.

Marekani walijaribu kulibana jambo hili kwa kanuni. Mwaka 2020 Jockey Club, chombo kinachosajili farasi wa huko, iliamua dume asipandishwe kwa jike zaidi ya 140 kwa mwaka, wenye mashamba wakaenda mahakamani, na mwaka 2022 kanuni ikafutwa. Kwa hiyo kinga imebaki mikononi mwa mfugaji mmojammoja.

Dubawi anakuja hapo kama dawa. Hana Sadler's Wells, hana Danehill, na Northern Dancer yuko mbali kwenye nasaba yake. Mabinti wa Galileo wanamhitaji, na matokeo yapo. Night of Thunder: baba Dubawi, mama binti wa Galileo. Ghaiyyath, farasi aliyepewa alama za juu kabisa duniani mwaka 2020: baba Dubawi, mama binti wa Galileo. Coroebus: mama ni mjukuu wa Galileo kupitia Teofilo. Geuza mpango juu chini nao bado unafanya kazi: Adayar, mshindi wa Derby ya 2021, baba ni Frankel na mama ni binti wa Dubawi. Kambi mbili zinazozozana zimekuwa zikioleana mchana kweupe.

Chaguo la tatu

Wapo wanaokwepa kambi zote mbili kwa kwenda Japani. Sunday Silence, mshindi wa Kentucky Derby ya 1989, hakuaminiwa na wafugaji wa Marekani kwa sababu ya miguu yake na nasaba ya mama yake, akauzwa kwa Zenya Yoshida wa Hokkaido. Akawa bingwa wa madume Japani mara 13 mfululizo, na mwanawe Deep Impact akaendeleza. Kwa jike mwenye Galileo ni mchanganyiko mzuri, Auguste Rodin anatosha kuwa ushahidi. Tatizo ni lilelile kwa lugha nyingine: Japani sasa imejaa Sunday Silence kama Ireland ilivyojaa Galileo.

Bei, na ile habari ya chupa

Mfugaji wa ng'ombe wa Kiambu au Tengeru aliyezoea kumwita mtaalamu wa uhimilishaji atashangaa: kwa farasi wa mbio wa thorobredi uhimilishaji umekatazwa dunia nzima. Mtoto hasajiliwi kama dume hakumpanda jike ana kwa ana. Hakuna mbegu ya Dubawi ya kusafirishwa kwenye naitrojeni, wala akiba ya Galileo kwenye jokofu. Galileo amekufa, mlango umefungwa.

Dubawi yuko Dalham Hall, Newmarket. Mwaka 2006 ada yake ilikuwa pauni 25,000, wafugaji wakasitasita, ikashuka hadi 15,000. Kisha Makfi, wa uzao wake wa kwanza, ambaye alikuwa ameuzwa kwa guinea 26,000 tu (guinea ni zaidi kidogo ya pauni), akashinda 2000 Guineas ya 2010. Kufika 2023 ada ilikuwa pauni 350,000. Kwa mtu wa kawaida mazungumzo yanaishia hapo.

Ndiyo maana nasema wana, si baba. Upande wa Dubawi angalia Night of Thunder, New Bay na Too Darn Hot. Upande wa Galileo kuna Frankel, ambaye ada yake ilipanda ikawa sawa na ya Dubawi, kisha Nathaniel na Australia kwa bei inayosemeka. Soma masharti vizuri: ada nyingi hulipwa kwa uhakika wa jike kushika mimba au mtoto kuzaliwa hai, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa kwa mfuko wako.

Mfugaji wa Kenya ana ukuta mwingine. Ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaosambazwa na visubi, unafanya kusafirisha farasi kutoka kwetu kwenda Ulaya kuwa karibu haiwezekani. Anachagua kati ya madume waliopo nchini au jike anayeletwa akiwa tayari na mimba. Kwake majina haya yana kazi moja, kusoma babu na baba wa babu wa dume aliye karibu, na kuangalia wasirudie yale ya jike.

Na usinunue nasaba ukasahau mnyama. Mwaka 1983 pale Keeneland mwana wa Northern Dancer aliyeitwa Snaafi Dancer aliuzwa kwa dola milioni 10.2, wa kwanza duniani kupita milioni 10. Alikuwa mzito wa miguu hata hakupelekwa mbioni. Alipowekwa kwenye uzazi, akazalisha watoto wanne.

Ningefanya nini mimi

Jike aliyekimbia mita 1,000 au 1,200, mwenye kasi lakini anaishiwa njiani: mwana wa Galileo, bila kufikiri mara mbili, mradi Galileo asiwe tayari kwenye vizazi vitatu vya karibu. Jike mwenye Galileo au Montjeu karibu, mwenye pumzi lakini mzito kuanza: mwana wa Dubawi. Jike wa kupeleka watoto wake kwenye udongo, Meydan au Riyadh, Dubawi tena. Mbio za Galileo kule New York zilishanionya. Jike wa kutafuta Derby ya Epsom, kama una ndoto na pesa ya ndoto, Galileo kwa baba na Dubawi kwa mama, mpango wa Adayar.

Kabla ya kulipa chochote, pima jike. Mwaka 2010 watafiti wa University College Dublin walionyesha kuwa jeni moja ya misuli inaeleza sana kama farasi ni wa mbio fupi, za kati au ndefu. Kipimo hicho kinauzwa, na gharama yake ni tone ukilinganisha na ada ya dume.

Kisha kalenda. Msimu wa kupandisha kaskazini mwa ikweta hufunguliwa katikati ya Februari, mimba ni miezi 11, na huko kila farasi huhesabiwa ametimiza mwaka tarehe 1 Januari hata kama alizaliwa Juni. Ndiyo maana kila mtu anagombania nafasi za mwanzo wa msimu. Ila ukichelewa usilie sana. Northern Dancer alizaliwa tarehe 27 Mei, na Kentucky Derby, mbio ya farasi wa miaka mitatu, aliishinda tarehe 2 Mei 1964, zikiwa zimebaki wiki tatu na ushei kabla hajaitimiza hiyo miaka mitatu.